Namba mbili za kichwa cha treni cha babu

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nahangaika na picha.

Picha yenyewe imetundikwa sebuleni kwa shangazi hapa Bagamoyo, kwenye fremu ambayo mchwa wameshaila upande mmoja. Ni wanaume sita mbele ya kichwa cha treni cha mvuke, na wa tatu kutoka kushoto ni babu yangu, mzaa baba, kijana bado, mikono nyuma. Kwenye chuma cha mbele, pale ambapo namba huandikwa, unasoma 2 halafu 3. Nafasi ya namba nyingine mbili ipo, ila zimefichwa na kofia ya bwana mmoja aliyechuchumaa.

Sasa ugomvi. Babu enzi za uhai wake alisema alianza reli kama mbeba kuni, baadaye mchochea moto, Dar es Salaam hadi Morogoro na wakati mwingine kupita hapo. Na kila akisimulia alisema kichwa chake kilikuwa na namba tatu. "Tatu, siyo nne. Mimi niliipaka rangi ile namba kwa mkono wangu." Ami yangu, ambaye ndiye anayeandika daftari la ukoo ili wajukuu wajue tulikotoka, alikuwa anamwonyesha picha: "Baba, hapa zipo nne." Mzee anakasirika, ananyamaza. Alipofariki, ami akaandika kwenye daftari: mkulima na mvuvi. Reli hakuitaja kabisa. Kwa maoni yake mzee alipiga picha tu na mafundi siku moja stesheni, kama sisi tunavyopiga picha na magari ya watu.

Shangazi alipoliona daftari alilia. Akaniita. "Wewe si mwandishi wa habari? Basi katafute."

Nikaenda kutafuta.

Kwanza nikiri kwamba kwa mtu wa Bagamoyo kuzungumzia reli ni kama mtu wa Dodoma kuzungumzia mashua. Sisi reli hatunayo. Huu ndio uliokuwa mji mkuu wa Wajerumani hadi 1891, na njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji iliishia kwetu. Lakini bandari yetu ni maji mafupi, meli kubwa hukaa mbali, na serikali ikahamia Dar es Salaam. Reli ilipokuja ikaifuata serikali. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro Desemba 1907, Tabora 1912, Kigoma mapema 1914. Wapagazi waliokuwa wakipita hapa na pembe za ndovu wakabaki hadithi. Hata mpango wa bandari ya Mbegani uliotiwa saini 2013, wakati Rais wa China alipotembelea Dar, ulikuja na ahadi ya reli, na hadi naandika hapa treni bado hatujaiona. Haya, tuyaache hayo.

Kwa hiyo babu, kama vijana wengi wa pwani hii, alikwenda Dar kutafuta kazi ya reli kwa miguu na mashua. Hilo ami halipingi. Anachopinga ni namba.

Inabidi nirudi nyuma kidogo. Reli ya kwanza Tanganyika haikuwa hii ya Dar. Ilikuwa ya Tanga, iliyoanza 1893 na kampuni ambayo iliishiwa hela hata kabla ya kupita Muheza vizuri, serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899, na ikajikokota hadi Moshi 1911. Na wala haikuwa ya kwanza katika pwani hii ukihesabu visiwa. Ng'ambo pale Unguja, Sultan Barghash alishakuwa na kijireli cha kwenda kasri lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza Uingereza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kwa Bagnall. Barghash akafa 1888, reli ikang'olewa, na kichwa kikaishia chuma chakavu. Baadaye, 1905, Wamarekani wakajenga reli nyingine ya mjini hadi Bububu, nayo ikaacha kubeba abiria mwaka 1922. Nayataja haya kwa sababu nilipoanza kuuliza vichwa vya zamani vilikwenda wapi, jibu nililolipata mara nyingi zaidi ni hilo hilo: vilikatwakatwa.

Jambo la kuzingatia ni hili. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa mbili tofauti, kila moja na vichwa vyake, na hazikugusana popote. Ukisimama Dar huwezi kwenda Tanga kwa treni. Hali hiyo haikubadilika mpaka 1963, ulipojengwa mstari wa kutoka Ruvu kwenda Mnyusi, kilomita karibu 190, unaovuka mto Wami huko bara kwetu. Hapo ndipo treni ilipoikaribia Bagamoyo kuliko wakati mwingine wowote, na bado ilipita mbali.

Vita ya kwanza ndiyo iliyovuruga kila kitu. Waingereza waliingia Bagamoyo Agosti 1916 wakitokea baharini, na Dar ikaanguka tarehe 4 Septemba mwaka huo huo. Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma kwa kufuata reli, na kila walipopita walivunja madaraja, halafu wakavisukuma vichwa na mabehewa vitumbukie kwenye mapengo. Ukitaka kujua kwa nini ni vigumu kufuatilia vichwa vya Kijerumani, anzia hapo, kwenye mabonde.

Waliokuja kutengeneza njia walikuwa askari wa Afrika Kusini wa Jenerali Smuts. Wao kwao walikuwa na vichwa tele, lakini havikuweza kutumika huku, na sababu ni ndogo kuliko upana wa kiganja: reli yao ina upana wa milimita 1,067 na yetu ni mita moja kamili. Milimita 67 tu. (Ndiyo hizo hizo zinazotenganisha TAZARA na Reli ya Kati hadi leo.) Basi jamaa wakachukua malori, wakayafunga magurudumu ya kukanyaga reli, wakajenga madaraja mepesi ya kubeba uzito mdogo, na malori yakawa yanavuta mizigo kuelekea Dodoma kama treni. Vichwa halisi vikaletwa kutoka India, ambako wanazo reli za mita moja.

Nimewataja watu wa Afrika Kusini si kwa sababu ya malori peke yake. Walikuwa wametoka kufanya kwao kitu ambacho ndicho kilichokuja kumtia babu yangu matatani. Ulipoundwa Muungano wa Afrika Kusini mwaka 1910, reli za Cape, Natal na ile ya Kati ziliunganishwa kuwa shirika moja. Kila moja ilikuwa na namba zake, hivyo ungeweza kukuta kichwa cha Cape na kichwa cha Natal vyote vina namba moja. Mwaka 1912 wakavipa vyote namba mpya kwa mpangilio mmoja. Na vile vikuukuu ambavyo walishaamua havina maisha marefu, hawakuhangaika navyo. Waliviachia namba zake za zamani, wakaongeza sifuri mbele. Sifuri ile ilikuwa na maana kwamba wewe husumbuliwi kwa sababu unakufa. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ni ukarani mkatili sana. Na watu wanaofuatilia vichwa vya zamani vya kule, kazi yao kubwa ni hiyo: kujua kwamba huyu mwenye namba hii leo ndiye yule aliyekuwa na namba ile jana, na kwamba yule mwenye sifuri aliuzwa mgodini au alikatwa.

Tanganyika Railways ilichukua mali hiyo ya vita mwaka 1919. Ilikuwa mchanganyiko: masalia ya Mjerumani, vya India, halafu katika miaka ya 1920 vikaanza kuja vipya kutoka kwa Beyer Peacock wa Manchester. Kati ya hivyo vipya kulikuwa na aina waliyoiita DL. Ili mnielewe huko mbele, DL ina magurudumu madogo manne mbele ya kuongoza njia, halafu makubwa manane ya kusukuma, na nyuma ya hayo hakuna kitu, linafuata behewa la kuni na maji. Kwenye Reli ya Kati kuni zilikuwa chakula cha kawaida cha vichwa hivi kwa miaka mingi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kijana asiyesoma ilikuwa kubeba kuni. Babu alikuwa na kovu begani, na yeye alisema ni la kuni. Ami anasema ni la mashua. Haya.

Namba za vichwa vya Tanganyika wakati huo zilikuwa tarakimu tatu.

Tatu, wadau. Nilipolijua hilo nilisimama.

Upande wa pili, Kenya na Uganda walikuwa na reli yao na utaratibu wao wa herufi: EA, EB3, ED1, EC na kadhalika. Mbili hizi ziliishi kila moja na daftari lake mpaka tarehe 1 Mei 1948, Waingereza walipoziunganisha kuwa East African Railways and Harbours, makao makuu Nairobi. Na kama Afrika Kusini miaka thelathini na sita kabla, wakakuta hawawezi kuendesha karakana na daftari mbili. Ikaja amri: herufi zote zifutwe, kila kichwa kipewe namba nne.

Na hapa ndipo penye utamu. Namba zile nne hazikuwa za kupanga foleni tu, moja hadi mwisho. Mbili za kwanza ni ukoo, mbili za mwisho ndizo za mtoto mwenyewe. Vichwa vidogo visivyo na behewa la kuni, vinavyobeba maji yao mgongoni, vilipewa koo za kumi na kitu. Vile vyenye behewa nyuma vikawa ishirini na kitu na thelathini na kitu. Garratt, yale madude marefu yenye injini mbili na birika katikati, yakawa hamsini na sitini. EA ya Kenya ikawa ukoo wa 28. EB3 ikawa 24. Garratt tatu ambazo Tanganyika ilizinunua kwa Beyer Peacock mwanzoni mwa miaka ya 1930, zile GA, zikawa ukoo wa 53.

Na DL ya Tanganyika ikawa ukoo wa 23.

Kwa hiyo ile 23 kwenye picha si mwanzo wa namba yoyote tu ya bahati. Inakwambia aina ya kichwa, inakwambia kilinunuliwa na nani, na inakwambia kwamba picha ilipigwa baada ya muungano wa 1948, kwa sababu kabla ya hapo ukoo huo haukuwepo kwenye karatasi yoyote. Kichwa ni kile kile, bomba lile lile, na mtu aliyekianza kabla ya vita ya Hitler alikijua kwa namba tatu. Akaja fundi na kopo la rangi, kikawa na nne. Mzee alisema kweli na picha inasema kweli.

Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na kuambiwa hakutoshi. Nilijaribu kwanza ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa barua haionekani, nikaandika nyingine, nikaambiwa mhusika yuko likizo. Nikapanda basi kwenda Nairobi.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa 1971, shirika likiwa bado moja. Ni uwanja wa majani na vichwa vimesimama mistari kwa mistari kama ng'ombe waliorudi zizini. Na hapo nikakiona. Kimeandikwa 301. Ni DL. Magurudumu manne, manane, hakuna. Kwenye daftari za East African Railways kichwa hicho ni 2301, wa kwanza katika ukoo wake, na kilijengwa Manchester kwa ajili ya Tanganyika. Watu wengi wanakwenda kukipiga picha kwa sababu nyingine kabisa: ndicho kilichoonekana kwenye filamu ya Out of Africa ya 1985. Mimi nilikaa chini ya gurudumu lake nusu saa nzima, watalii wakinishangaa. Hiki hapa kichwa kimoja, kimeshakuwa na namba tatu na kimeshakuwa na nne, na kingekuwa na ulimi kingemtetea babu.

Sisemi ndicho cha babu. Kofia ya yule bwana imetunyima tarakimu mbili za mwisho. Ni ndugu wa cha babu, na hilo linanitosha.

Kule Nairobi niliona jambo jingine ambalo limenikaa moyoni. Vichwa vingi pale ni vyetu kwa majina. Kipo 5918, kile kikubwa cha ukoo wa 59, Garratt zenye uzito wa tani zipatazo 250, ambazo hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita moja duniani kilichozizidi nguvu. Kinaitwa Mount Gelai. Gelai ipo Tanzania, kaskazini kule karibu na Ziwa Natron. Jirani yake 5930 ni Mount Shengena, na Shengena ni ya Wapare. Vyote viwili maisha yao makubwa yalikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Kipo pia 3020 kinachoitwa Nyaturu, kwa sababu Waingereza waliamua koo za 29, 30 na 31 zipewe majina ya makabila ya Afrika Mashariki, sijui waliwaza nini. Na kipo 6006, Sir Harold MacMichael, gavana wetu wa 1934 hadi 1938. Ukoo wote wa 60 ulipewa majina ya magavana na watawala wa namna hiyo, vichwa 29, na baada ya uhuru vibao vya magavana vikang'olewa. Namba ziliachwa. Kung'oa gavana kwenye chuma ni kazi ya dakika chache na spana, lakini kubadilisha namba maana yake ni daftari zote za karakana kuanza upya, na makarani walishachoka tangu 1949.

Kwa nini vipo kule na siyo huku? Makao makuu yalikuwa kule, karakana kubwa ilikuwa kule. Mstari wa Ruvu ulipokamilika 1963 kichwa cha Dar kiliweza kwenda hadi Nairobi kwa reli, kwa kupitia Korogwe, Kahe na Voi. Halafu Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, Jumuiya ikafa mwaka huo huo, na kila kilichokuwa upande wowote kikabaki upande huo. Mpaka ulifunguliwa tena 1983, na mkataba wa kugawana mali ukatiwa saini Arusha Mei 1984, baada ya miaka ya usuluhishi wa yule Mswisi, Dk. Victor Umbricht. Mvuke ulikuwa umeshapitwa. TRC ilikuwa ikinunua dizeli, na bado iliziandika kwa mtindo ule ule wa ukoo na mtoto: zile za Kanada ni 88 na kitu, zile za India 73 na kitu. Siku hizi tuna treni ya umeme tangu 2024, na watu wameshaipa jina la Mchongoko bila kusubiri gavana.

Nilirudi Bagamoyo na picha nilizopiga. Nikamkuta ami barazani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umerudi na reli yako?"

Nikamwonyesha 301. Nikamweleza habari ya ukoo na mtoto, 1948, namba tatu, namba nne. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa ami hilo si dogo. Akaiomba ile picha ya fremu, akaisogeza kwenye mwanga, akahesabu magurudumu yanayoonekana. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na daftari la ukoo na kalamu. Hakufuta "mkulima na mvuvi". Pembeni yake aliandika: na mchochea moto, reli, kabla ya vita hadi baada ya 1948.

Shangazi alisimama mlangoni, hakusema neno. Akaenda kupika.

Halafu ami akarudi kwenye picha na kuuliza swali ambalo hata mimi sikuwahi kujiuliza. "Na huyu mwenye kofia ni nani?" Tumeuliza ndugu wote, hakuna anayemjua. Ni mtu mfupi, ana masharubu, kofia ya kazi imeinama upande wa kulia, na mkononi ameshika kopo la mafuta lenye mdomo mrefu. Kama kuna mdau ambaye mzee wake alifanya kazi karakana ya Dar baada ya 1948 na anayo picha ya namna hiyo nyumbani, tafadhali aiangalie vizuri kisha aniandikie. Chai ipo.